Septemba darasa tupu: kisa cha beri nyeusi na shule za vijijini katika Uingereza ya Malkia Victoria

Kanuni za elimu za mwaka 1862 zilimtaka kila mwalimu mkuu wa shule iliyopokea ruzuku ya serikali ya Uingereza awe na daftari la matukio, aandike humo mambo ya shule yanavyokwenda, na asitie maoni yake. Hilo la mwisho liliwashinda wengi. Madaftari mengi yamehifadhiwa hadi leo, na ukiyapekua hadi kufika Septemba utakutana na habari ileile: mahudhurio mabaya, watoto wamekwenda kuchuma beri nyeusi. Mwaka unaofuata, vilevile. Mwalimu anahama, anakuja mwingine mwenye mwandiko wake, na ikifika Septemba naye analia kilio cha mwenzake.

Sichukui shule moja yenye jina. Nachukua hali hiyo iliyojirudia katika vijiji vya kusini na kati ya Uingereza, tuseme kati ya 1862 na mwisho wa karne, na kuichambua kama kisa kimoja. Wahusika ni wachache: mwalimu, mama wa nyumbani, mchuuzi mwenye mkokoteni, mkulima mwenye ua (uzio wa miti unaozunguka shamba) na hakimu. Mtoto mwenye kikapu yumo pia, ila sauti yake ndiyo isiyosikika kabisa kwenye nyaraka.

Kwanza tunda lenyewe. Kwa asiyelijua, beri nyeusi inakaribia fursadi kwa umbo na kwa jinsi inavyotia rangi vidole na nguo, ila inazaliwa kwenye kichaka cha miiba mikali yenye matawi marefu yanayojipinda na kuota mizizi kila yanapogusa udongo. Mmea huo hakuna aliyeupanda. Uliota kwenye nyua za miti zilizotenganisha mashamba, na nyua hizo zilikuwa zimeongezeka sana baada ya ardhi za pamoja za vijiji kugawanywa na kuzungushiwa mipaka katika karne ya 18 na mwanzo wa ya 19. Kwa hiyo kibarua aliyenyang'anywa malisho ya ng'ombe wake na sehemu ya kuokotea kuni, aliachiwa ua. Na ua ulizaa.

Msimu wake ni mfupi nao ni mkaidi. Beri za kwanza huiva mwezi Agosti, wingi wake ni Septemba, na Oktoba ikiingia zinaharibika. Katika kila kishada, tunda la nchani huiva kwanza nalo ndilo kubwa na tamu. Yanayofuata yanazidi kuwa madogo na yenye mbegu nyingi. Wazee wa vijijini walisema kwamba baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba, Ibilisi huzitemea mate beri, na anayezila baada ya hapo anajitafutia maradhi. (Wengine walihesabu kwa kalenda ya kale, ikawa tarehe 10 au 11 Oktoba, na kumpa Ibilisi muhula kidogo.) Ukiondoa Ibilisi, imani hiyo inakubaliana na macho: baridi na unyevu huleta ukungu, nzi hujaa, na ladha inakufa. Muhimu kwa kisa chetu ni kwamba mchumaji hawezi kuahirisha. Wiki tatu au nne zikipita, fedha imepita.

Sasa likizo za shule. Shule za vijijini zilifungwa wakati wa mavuno ya ngano, kwa sababu hakuna aliyejidanganya kwamba watoto wangekuja. Mavuno yakiisha, shule inafunguliwa, na mara nyingi ufunguzi huo uliangukia Septemba, wakati ua umejaa. Mwalimu alifungua mlango siku ambayo kichaka nacho kilifungua chake.

Watoto walikuwa wakichuma beri tangu zamani, kwa kula tu na kwa mikate ya matunda ya mama. Kilichobadilika katika utawala wa Victoria ni sukari na reli. Ushuru wa sukari ulipunguzwa hatua kwa hatua, na mwaka 1874 ukafutwa kabisa. Wakati huohuo sukari ya kiazisukari kutoka bara la Ulaya ilimiminika kwa bei ya chini. Kitu ambacho kilikuwa cha anasa kikawa chakula cha fukara: mkate na jamu, kwa sababu jamu ilikuwa rahisi kuliko siagi na haikuoza. Viwanda vikachipuka. William Hartley, muuza duka wa Colne huko Lancashire, alianza kupika jamu mwenyewe mwaka 1871 baada ya mtu aliyemletea kushindwa kutimiza oda. Kufikia 1886 alikuwa na kiwanda kikubwa Aintree, karibu na Liverpool. Familia ya Chivers ilianza Histon karibu na Cambridge mwaka 1873, kando ya reli. Wilkin alianza Tiptree, Essex, mwaka 1885. Hao walijulikana zaidi kwa stroberi na matunda ya bustanini, lakini kupanda kwao kunaonyesha soko lilivyokuwa na njaa ya tunda lolote linalokubali sukari.

Beri nyeusi ilifaa soko hilo kwa sababu moja kubwa: hakuna aliyelipa kuilima. Haikuwa na kodi ya shamba, haikuwa na mbolea wala kupalilia. Gharama yake yote ilikuwa mikono ya kuchuma na nauli ya treni. Kwa jamu haikuhitaji hata kuwa nzuri ya kutazama. Iliyopondeka kidogo ilifaa, mradi haijachacha. Tena inaiva wakati matofaa yanaanguka chini ya miti, na tofaa lina kile kinachoifanya jamu igande, ambacho beri iliyoiva ina upungufu nacho. Mama wa kijijini alilijua hilo jikoni kwake kabla ya kiwanda chochote. Huko Marekani wakulima walikuwa tayari wameanza kupanda aina teule za beri hii katikati ya karne. Uingereza ilichelewa, na sijaona sababu ya kuwalaumu: nani alime kinachoota bure kwenye ua wa jirani?

Mnyororo wa biashara ulikuwa mfupi. Watoto na mama zao walichuma mchana. Mchuuzi alipita jioni na mkokoteni na mizani, au aliwangojea penye stesheni. Beri haingoji hadi kesho kutwa. Ikilala kwenye tenga siku mbili inatoa maji na kuanza kuchacha. Ndiyo maana reli ilikuwa kila kitu. Tenga lililopakiwa jioni kwenye stesheni ya mashambani liliweza kufika soko la mjini alfajiri. Kijiji kilicho mbali na reli kiliendelea kuchuma kwa ajili ya sufuria ya nyumbani, kwa siki ya beri ya kutuliza kikohozi, na kwa mvinyo wa kienyeji. (Kichaka chenyewe kilikuwa dawa kwa namna nyingine: mtoto mwenye kifaduro alipitishwa chini ya tawi lililojipinda na kuota mizizi upande wa pili. Nani alipona kwa njia hiyo, tusiulize.)

Tuingie nyumbani. Kibarua wa shamba katika kaunti za kusini alipata kama shilingi 11 hadi 15 kwa wiki, kutegemea mahali na mwaka, na kuanzia miaka ya 1870 kilimo chenyewe kiliingia mdororo kwa sababu ngano ya Marekani ilishusha bei. Ujira huo uliishia kwenye mkate, kodi ya nyumba na mkaa. Haukuwa na nafasi ya viatu. Na viatu ndivyo vilivyokuwa tatizo la vuli: njia za matope zinaanza, na mtoto asiye na buti haendi popote, shule ikiwemo. Tarehe 29 Septemba, ileile ya Ibilisi, ilikuwa pia moja ya siku 4 za mwaka ambazo kodi na madeni yalilipwa. Fundi viatu alikuwa anangoja.

Kwa hiyo peni za beri zilikuja wakati ambapo kila peni ilikuwa imeshapangiwa kazi. Tena zilikuja kwa njia ya pekee. Ujira wa shamba ulipita mikononi mwa mkulima na kisha mwa baba. Fedha ya beri iliingia moja kwa moja mkononi mwa mama, bila ruhusa ya mtu. Naona hilo lina uzito kuliko kiasi chenyewe. Mtu anayeishi kwa kumtegemea mwajiri mmoja, ambaye mara nyingi ndiye pia mwenye nyumba anayolala, anajua tofauti ya peni aliyopewa na peni aliyojitafutia.

Ada nayo. Hadi serikali ilipotoa ruzuku ya shilingi 10 kwa kila mtoto mwaka 1891, na elimu ya msingi kuwa ya bure karibu kote, wazazi walilipa peni moja, mbili au zaidi kwa wiki kwa kila mtoto, kwa kawaida Jumatatu asubuhi. Mtoto asipofika wiki nzima, mara nyingi peni yake ilibaki nyumbani. Kuchuma beri kulikuwa na faida mara mbili.

Upande wa pili wa mizani amekaa mwalimu, na hesabu yake inastahili kufanywa kwa ukamilifu, kwa sababu watu hudhani hasara yake ilikuwa dhahiri. Chini ya kanuni za 1862, shule ililipwa shilingi 4 kwa kila mtoto wa wastani wa mahudhurio ya mwaka. Juu ya hapo, kila mtoto wa zaidi ya miaka 6 aliyetimiza mahudhurio 200 aliweza kuleta shilingi 8 kwa kufaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Kila somo aliloanguka liliondoa shilingi 2 na peni 8. Shilingi ilikuwa na peni 12.

Chukua shule ya watoto 60, ambapo 20 wametoroka wiki tatu kuchuma beri. Siku ilikuwa na vipindi viwili vya mahudhurio, asubuhi na alasiri, kumi kwa wiki. Mwaka wa wiki 44 una vipindi 440. Watoto 20 wakikosa vipindi 30 kila mmoja, ni 600. Gawa kwa 440: wastani wa mwaka umepungua kwa mtoto mmoja na kitu. Kwa shilingi 4, hasara ni kama shilingi 5 na nusu. Basi! Mwalimu aliyejaza kurasa za manung'uniko alikuwa anapoteza, kwa hesabu ya mahudhurio, shilingi 5 na nusu.

Wala beri peke yake haikuweza kumshusha mtoto chini ya mahudhurio 200. Ili afike huko ilibidi akose zaidi ya nusu ya mwaka. Lakini watoto haohao walikuwa wamekwisha kukosa wiki za kufukuza ndege mashambani mwanzoni mwa mwaka, wiki za nyasi kavu, na siku za mvua walipokosa viatu. Mbele yao kulikuwa na kuokota viazi na mbegu za mwaloni kwa ajili ya nguruwe. Beri ilikuwa tone moja katika ndoo, na ndoo ilikuwa karibu kujaa.

Hasara ya kweli ilikuwa kwenye mtihani. Watoto 20 haohao wakianguka somo la hesabu tu, shule inapoteza shilingi 53 na peni 4. Wakianguka yote matatu, shilingi 160. Hapo bahati ilitegemea kitu ambacho mwalimu hakukichagua, yaani tarehe ya mkaguzi. Wakaguzi walizunguka mwaka mzima, na kila shule ilikuwa na mwezi wake. Ambaye mkaguzi wake alikuja Machi aliweza kuwarudisha watoto, kuwakazia majedwali ya kuzidisha majira yote ya baridi, na kusahau Septemba. Ambaye mkaguzi wake alikuja Oktoba alikuwa anatazama ua ukiiva kama mtu anayetazama mshahara wake ukichumwa, maana katika shule nyingi sehemu ya mshahara wa mwalimu ilifungamana na ruzuku hiyo. Ninaposoma malalamiko hayo sasa, ningependa kwanza kujua tarehe ya ukaguzi. Bila hiyo, huwezi kutofautisha mwalimu mwenye hofu na mwalimu mwenye hasira za kawaida. Mfumo huo wa kulipa kwa matokeo ulianza kuvunjwa mwaka 1890, na ukafa kabisa kabla ya karne kwisha.

Je, sheria ingeweza kuwazuia watoto? Kulikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa dhaifu.

Ya kwanza ni kulinda tunda. Kwa sheria ya mapokeo ya Kiingereza, kitu kilichoota chenyewe na bado kimeshikamana na ardhi hakikuweza kuibwa kwa kuchumwa tu. Sheria ya wizi ya 1861 iliongeza adhabu kwa anayechukua matunda ya bustani na mimea iliyolimwa, lakini beri ya ua haikulimwa na mtu. Mwaka 1887, katika shauri la Gardner dhidi ya Mansbridge lililohusu uyoga wa porini, mahakama ilikataa kuchukulia mmea usiolimwa kana kwamba umelimwa chini ya sheria ya uharibifu wa mali. Kuingia shamba la mtu kulikuwa jambo la madai, si jinai. Vile vibao vya kutisha kwamba wanaoingia watashtakiwa, wanasheria waliviita kwa mzaha uongo wa ubao. Kilichobaki mkononi mwa mkulima ni ua wenyewe: anayeuvunja ili kufikia kishada cha ndani alikuwa ametenda kosa. Penye misitu iliyotunzwa ndege wa kuwindwa na matajiri, mlinzi aliwafukuza watoto kwa fimbo, na sidhani kama alisoma kifungu chochote kwanza.

Njia ya pili ni kulazimisha mahudhurio. Sheria ya 1870 iliruhusu halmashauri za shule kutunga kanuni za kulazimisha, na ya 1880 ikazifanya za lazima kila mahali kwa watoto wa miaka 5 hadi 10. Mzazi aliyekaidi alitozwa faini isiyozidi shilingi 5, gharama za kesi zikiwemo. Afisa wa mahudhurio alizunguka, aliandika majina, alitishia. Lakini kesi ilisikilizwa na mahakimu wa kaunti, watu wenye ardhi, na halmashauri za vijijini zilijaa wakulima ambao wenyewe waliajiri watoto. Kumtoza faini kibarua wako kwa kosa ambalo wewe ndiye uliyelinunua kwa peni chache mwezi uliopita kunahitaji uso mkavu.

Na hapa pana jambo ninalolisoma kwa namna yangu. Katika ajira nyingine zote za watoto, mkulima alifaidi. Mtoto aliyefukuza ndege alilinda ngano yake. Aliyeokota viazi alijaza ghala lake. Beri hazikumpa chochote, zaidi ya ua uliovunjwa na lango lililoachwa wazi, na tena zilimnyang'anya mikono ambayo angeihitaji kwa viazi. Ningekuwa mkulima mjumbe wa halmashauri, utoro wa viazi ningeuita mahitaji ya kilimo na utoro wa beri ningeuita uzembe wa wazazi. Wachoraji waliona jambo tofauti kabisa. Myles Birket Foster, aliyeishi Witley katika Surrey, alichora kwa rangi za maji watoto wa mashambani wenye mashavu mekundu wakichuma beri kwenye nyua, na watu wa mijini walizinunua picha hizo. Kwenye picha hakuna mizani ya mchuuzi.

Mwalimu alibaki na nini? Baadhi walijaribu adhabu, wengine zawadi za vitabu kwa wasiokosa. Wajanja zaidi waliiacha vita. Penye uongozi wenye akili, likizo ya mavuno ilisogezwa au kuongezwa, au shule ilifungwa rasmi siku kadhaa za beri. Ujanja wake ni wa kihesabu: siku ambayo shule imefungwa rasmi haina watoro, kwa hiyo haishushi wastani. Watoto ni walewale, ua ni uleule, ila daftari limetulia. Kaskazini-mashariki mwa Uingereza likizo fupi ya Oktoba bado inaitwa wiki ya beri nyeusi, kama ambavyo Scotland ina likizo zake za viazi.

Malkia alikufa Januari 1901, kisa kikaendelea. Vita Kuu ilipobana sukari na chakula, serikali ile iliyokuwa ikituma maafisa wa mahudhurio ilihitaji jamu kwa ajili ya askari na mabaharia. Mwaka 1918 shule za Uingereza ziliombwa kuwapeleka watoto kwenye nyua kuchuma beri nyeusi wakati wa masomo, kwa malipo kwa kila ratili, na walimu ndio waliosimamia mizani na kupeleka matenga stesheni. Madaftari ya matukio ya Septemba mwaka huo yanaandika tena habari za beri, kwenye safu ambayo baba zao waliandikwa watoro. Safari hii mwalimu anajumlisha ratili.